Kiti cha Shamsi

Walionisoma wiki iliyopita wanajua waliniacha wapi. Nimesimama sebuleni kwetu Kizwite, na mama yangu, Bi Mwanaheri, ameniambia wazee wamekaa, wamekunywa kahawa, wamemaliza. Ijumaa hii baada ya swala, mimi Abdulnasir namwoa Shamimu, mjane wa kaka yangu Shamsi aliyekufa kwa ajali ya gari barabara ya Mpui.

Wazee walidhani wananibebesha mzigo. Hawakujua kwamba nilikuwa nampenda kabla wao hawajakaa. Hilo nalo nilishawaambia, na barua zenu za kunilaani nimezisoma.

Ambalo sijawaambia ni furaha ile ilidumu muda gani. Ilidumu mpaka Jumatano, na walioiua ni Wajapani.

Jumatano asubuhi nilikuwa dukani kwetu nauza spea, ukungu umeshuka mpaka kwenye vibao vya maduka. Simu ikatetemeka. Ikatetemeka tena. Kisha ikawa haikomi. Lilikuwa kundi letu la wapenda magari.

"WAMEIFUFUA KOZI!" aliandika Meshack, kwa herufi kubwa zote.

Kozi ni jina letu la mtaani. Wenyewe waliotengeneza gari lile walilipa namba, sisi tukaliita Kozi, yule ndege mwindaji, kwa jinsi lilivyojikunyata mbele. Milango miwili, viti viwili, mgongo wa chini, gari la mtu asiyebeba gunia. Waliacha kulitengeneza tukiwa watoto. Sasa wametangaza jipya, wametoa picha moja tu ya gizani, inayoonyesha taa mbili nyekundu za nyuma.

Sumbawanga nzima imewahi kuwa na Kozi moja. Ilikuwa ya kaka yangu, na ndiyo iliyomuua.

Mchana tukakutana kwa Mama Fortunata, pale tunapokunywa chai na maandazi. Meshack anaendesha Kosta ya abiria ya Laela, akaanza kusema kabla hajakaa.

"Gia za mkono, jamani! Sita! Wameandika wenyewe."

"Wameandika wanafikiria," alijibu Gaudensi. Huyu ni mwalimu huko Kaengesa, yuko mjini likizo, mtu mrefu mpaka wanafunzi wake wanamwita Mnara. "Soma vizuri, mshikaji. Gari lililotangazwa siyo gari, ni ahadi. Leo wanakuonyesha taa za nyuma, unasubiri mpaka unaota mvi, halafu wanakuletea kabati lenye betri."

"Mwalimu, una roho ya mkosi wewe."

"Nina macho. Uzito wamesema? Hawajasema. Bei je? Hawajasema. Tumbo lake liko juu kiasi gani? Maana likija kwetu Kaengesa masika litalima kuliko maksai wa baba yangu."

"Nani kakwambia litaenda Kaengesa? Lami ipo kutoka hapa mpaka Tunduma."

"Na hewa ya huku? Milima hii injini ndogo inahema tu."

"Litakuwa na turbo."

"Wamesema?"

Meshack akapuliza chai yake. Mama Fortunata alikuwa akigeuza maandazi, akacheka. "Mimba bado changa, nyie mnagombania jina la mtoto."

Nilicheka nao, ila moyoni sikuwa nacheka. Kila walipotaja Kozi nilikuwa namwona Shamsi akiinama kupita mlango wa duka, ananirushia ufunguo, ananiambia nikaliwashe lipate moto.

"Halafu kuna shida kubwa kuliko zote," Gaudensi aliendelea. "Mtu mrefu haingii. La zamani lilikuwa hivyohivyo. Watu wa mtandaoni wanalalamika dunia nzima, na hili jipya ndiyo wamelipunguza kabisa."

"Uongo," alisema Meshack. "Shamsi alikuwa mrefu kama wewe, na aliingia."

"Aliingiaje?"

"Alirudisha kiti mpaka mwisho. Nimepanda naye mimi, nimeona."

"Haitoshi. Magoti yatagonga."

"Yanapita!"

Wakabishana mpaka wateja wengine wakageuka. Kisha Gaudensi akanitazama, akashusha sauti. "Nasir, samahani kaka. Lile gari si bado lipo ghalani kwenu? Twende nikae mara moja tu. Ubishi uishe."

Hapo ikabidi ninyamaze kwanza, na ninyi niwaeleze kwa nini.

Kwetu sisi watu wa magari, gari likitoa roho ya mtu halirudi barabarani bila dua. Sheikh anaitwa, mbuzi anachinjwa mbele ya magurudumu. Na yule aliyekuwa ameshika usukani siku ya ajali anakaa tena kwenye kiti chake, anashika usukani, na haruhusiwi kuuachia mpaka sheikh amalize kusoma. Fuso yetu, lori la mizigo, iliwahi kumgonga mtu Laela. Dereva wetu Ndalahwa alilia juu ya usukani dua nzima, machozi yakilowesha kanzu ya kuazima. Kesho yake Fuso ikabeba mahindi.

Kozi haikusomewa.

"Mwenye usukani yuko kaburini," alisema baba yangu, Mzee Zubery. "Nani atashika?"

Nani angembishia mzee aliyefiwa? Mimi mwenyewe nilikuwa Mbeya siku ile, nikafika kaburi limeshafukiwa. Gari lilipotoka polisi lilikuja juu ya Fuso likiwa limefunikwa. Baba akalikaza turubai kwa mikono yake, akafunga ghala, akasema atakayeligusa si mwanawe.

Na yeye tangu siku ile hajashika usukani. Mtu aliyeendesha malori tangu ujana, enzi zile akiweka mto mgongoni ili miguu ifike, leo anapanda bodaboda kwenda msikitini. Tulisema ni majonzi. Yeye ndiye aliyefika wa kwanza kwenye ajali, ndiye aliyemkuta Shamsi kwenye majani pembeni ya barabara. Baba gani angetamani usukani baada ya hapo?

Lakini Jumatano ile Baba alikuwa amekwenda Kaengesa na Ndalahwa kununua ulezi, na hawakutarajiwa kabla ya jioni. Nami, niseme ukweli, nilikuwa na hamu yangu. Nilitaka kukaa mahali alipokaa kaka yangu, nimwambie kwamba Ijumaa namwoa mkewe, na kwamba nitamtunza. Kaburini nilishindwa kulisema.

"Twendeni," nikasema. "Tusichelewe."

Ufunguo wa ghala huning'inia jikoni nyuma ya chekeche. Nilipoutoa, Mama alikuwa mlangoni.

"Unakwenda wapi na huo?"

"Kuangalia panya, Mama."

"Panya," alirudia. Akautazama ufunguo, kisha akapisha njia. Natamani mpaka leo angenizuia.

Ghalani mlikuwa na harufu ya magunia na vumbi la ulezi. Tulifungua kamba, tukavuta turubai, Kozi ikatokea na vumbi lake. Upande wa kushoto, upande wa abiria, ulikuwa umebondwa mpaka paa limegusa kiti. Upande wa dereva, hata kioo kilikuwepo.

"Mbona upande wa dereva mzima?" aliuliza Gaudensi polepole.

"Ajali hazina kanuni, mwalimu," alisema Meshack. "Ingia, tuone magoti."

Gaudensi akaingiza mguu mmoja, akakunja mgongo, akajisukuma. Magoti yakagonga dashibodi kabla makalio hayajakaa. Alionekana kituko, na mimi nikacheka kwa sauti humo ghalani, Mungu anisamehe.

"Si nilisema!" Gaudensi alifurahi. "Haingii mtu mrefu! Waandikieni Wajapani!"

"Rudisha kiti kwanza, acha ujanja."

Akapeleka mkono chini, akavuta kile chuma cha kurudishia. Kiti hakikusogea. Akavuta kwa nguvu zote. Wapi.

Meshack akapiga magoti, akamulika chini kwa simu. Alikaa pale muda mrefu, mpaka nikaacha kucheka mwenyewe.

"Reli ya kiti imepinda," alisema. "Imejikunja ikauma. Hiki hakiendi mbele wala nyuma."

"Polisi watakuwa walikisogeza," nikasema.

"Kusogeza vipi kitu kisichosogea? Reli ilipinda wakati wa kishindo, kiti kikiwa hapahapa. Hivi kilivyo ndivyo kilivyokuwa siku ile."

Mvua ikaanza kwenye mabati. Gaudensi alikuwa bado ndani, magoti yamefika kidevuni, lakini uso wake haukuwa tena wa ubishi.

"Nasir," aliniambia taratibu. "Kaka yako hakuwa anaendesha hili gari. Asingeweza kukaa hapa. Alikuwa upande ule." Akaonyesha upande uliobondwa.

Walituambia alikuwa peke yake. Kumbe kulikuwa na mtu wa pili, mtu mfupi, mtu aliyetoka mzima kwenye mlango huu mzima, akamwacha kaka yangu afe, akarudi mjini kuishi.

Na katika maisha ya Shamsi mimi nilimjua mtu mmoja mfupi aliyekuwa tayari kumwachia usukani.

"Meshack," nikasema, "Shamsi aliwahi kumfundisha mtu kuendesha hili gari?"

Meshack akamtazama Gaudensi. "Mambo ya marehemu hayo, mshikaji."

"Nimekuuliza."

"Alimfundisha mkewe. Kule uwanjani. Tulikuwa tunamtania."

Shamimu aliniambia kwa kinywa chake kwamba hajui kuendesha. Tulikuwa tumekaa barazani, nikasema baada ya ndoa nitamfundisha, akacheka, akasema usukani na yeye ni mbalimbali.

"Usikimbilie, Nasir," Gaudensi alinishika mkono. "Kiti kimesema mfupi. Hakijasema jina."

Nikautoa mkono wake. Meshack akasema zamu yake stendi imefika, akaondoka karibu akikimbia, na sikumlaumu. Mimi nikavuka ua kwenye mvua.

Shamimu alikuwa kibarazani anachagua mchele wa Ijumaa, ungo mapajani. Akaniona, akatabasamu.

"Shemeji, mbona una vumbi la ghalani?"

Mpaka siku ile aliniita shemeji. Alisema hilo lingine ataniita tukishaoana.

"Umewahi kuendesha Kozi?"

Ungo ukasimama. "Nani kafungua ghala?"

"Jibu, Shamimu."

"Kaka yako alinipeleka uwanjani. Nikagonga goli, tukacheka mpaka tukalia, nikaacha. Hiyo ndiyo kuendesha?"

"Uliniambia hujui."

"Na sijui."

"Siku ya ajali ulikuwa wapi?"

Hakujibu upesi, na kule kusita kwake ndiko kulikonimaliza. Nikasema yote. Nikasema kiti kiko mbele, reli imepinda, aliyeendesha alikuwa mfupi. Nikasema yeye ndiye aliyemuua kaka yangu, akatoka mzima, akakaa eda nzima ndani ya nyumba yetu akila chakula cha mama yangu, na sasa anataka na mimi. Nilisema mpaka neno ambalo hata gazeti hili haliwezi kulichapa.

Alinisikiliza hadi mwisho. Hakulia. Aliweka ungo chini polepole, punje isimwagike.

"Umemaliza?"

Nikafuta maji ya mvua usoni.

"Siku ile nilikuwa hapahapa, na homa. Niliwatoa mpaka langoni. Kuna jambo niliona, na niliombwa ninyamaze. Nikanyamaza kwa heshima, Abdulnasir. Eda nzima nimelala nalo. Leo heshima yangu ndiyo imenifanya muuaji."

"Nani alikuomba?"

Akasimama. Kichwa chake hakifiki begani kwangu, lakini alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekaa chini.

"Mfupi wa nyumba hii ni mimi peke yangu?"

Akaingia ndani. Nikamsikia akivuta begi juu ya kabati. Alipotoka alikuwa ameshajifunga khanga ya safari.

"Kosta ya Meshack inapita hapa langoni. Naenda Laela kwa baba yangu. Ijumaa msije."

Mngekuwa ninyi mngefanya nini? Najua, mngemkimbilia. Mimi nilisimama kwenye mvua kama gogo, ile sentensi yake ikinizunguka kichwani, na haikutaka kuingia. Siyo kwamba sikuielewa. Nilikuwa nimeanza kuielewa, nikaikataa.

Ndipo nikakumbuka nimeacha ghala wazi.

Nilipokata kona ya jiko nikaiona Fuso yetu imesimama uani, injini bado inachemka, Ndalahwa ameketi ndani hataki kushuka. Wamerudi mapema. Gaudensi alikuwa nje ya mlango wa ghala, amelowa chepechepe, mikono nyuma kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

"Mzee yumo ndani," alininong'oneza. "Nimemwamkia shikamoo, hakuitikia."

Miaka yote niliyoishi sijawahi kusikia Mzee Zubery ameachwa na shikamoo hewani. Hata wadeni wake anawaitikia marahaba kwanza, ndipo anawatukana.

Niliingia. Baba alikuwa amesimama ubavuni mwa Kozi, kofia yake mkononi, maji ya mvua yanamtiririka kwenye ndevu.

"Shikamoo, Baba."

Akaendelea kulitazama gari.

"Baba, nisamehe. Tulikuwa tunabishana tu habari za gari jipya…"

"Nimesikia," alisema bila kugeuka. "Vijana wa Kaengesa walikuwa wanapiga kelele sokoni. Wameifufua Kozi. Nikamwambia Ndalahwa ageuze, nilijua mtafungua tu." Akapitisha kiganja kwenye boneti, vumbi likatoka. "Gari wanalifufua. Mwanangu sina wa kumfufulia."

Halafu akafungua mlango wa dereva.

Nilitaka kumwambia, Baba, kiti hicho kimekwama. Sikuwahi. Aliingia kwa mara moja, hakujikunja, hakutafuta chuma cha kusogezea. Mguu wake wa kushoto ukaenda kwenye klachi, ukafika. Wa kulia ukafika. Magoti yake hayakugusa kitu. Mikono ikapanda kwenye usukani, ikakaa pale kama iliyozoea.

Kiti kile kilimkaa baba yangu.

Nikamkumbuka dereva wa enzi zile na mto wake mgongoni, nikakumbuka yale macho yake ambayo daktari alishasema yana utando, asiendeshe. Nikaelewa kwa nini alifika wa kwanza kwenye ajali, na nani alimvuta Shamsi mpaka kwenye majani. Nikaelewa kwa nini sheikh hakuitwa. Tungemtafuta wa kushika usukani, na la kuvunda halina ubani.

"Ukungu ulikuwa kama wa leo," Baba alisema, akitazama mbele kupitia kioo cheusi cha vumbi. "Aliniambia, Baba, nipe mimi, wewe huoni vizuri. Nikamjibu, barabara hii nimeipita kabla hujazaliwa. Akacheka. Akafunga mkanda. Ng'ombe walikuwa katikati ya barabara, Nasir. Wengi. Sikuwaona mpaka yeye alipopiga kelele."

Nilimchukia na nikamhurumia kwa pamoja, na sijui hata sasa kipi kilitangulia. Na chini ya vyote kulikuwa na jina moja. Shamimu. Nilichomwambia Shamimu.

"Baba, shuka. Tafadhali shuka."

"Sishuki." Vidole vyake vilikaza mpaka vikapauka. "Nimechoka kupita nyuma ya ghala hili. Mwite sheikh aje asome. Mwenye usukani ameshika."

"Baba…"

"Na umwite Shamimu, awe shahidi mbele ya mama yako. Mama yako hataniamini mimi tena kwa neno lolote, wala sheikh, wala watu wa mji. Yule mtoto ndiye aliyetuona tukitoka, ndiye aliyeona nani amekaa wapi. Nilimfunga mdomo kwa jina la Mungu. Leo namfungua. Mlete hapa, nisiuachie usukani huu kabla hajasema."

Nje, mbele ya lango letu, Kosta ya Laela ilipiga honi. Nikasikia mlango wake ukifunguliwa, ukafungwa, na Meshack akakanyaga mafuta.